Ndolo Hajaoa

4 Oktoba

Nimemnyang'anya Mulinge daftari lake la hesabu. Lilikuwa limebaki nusu, na hizo hesabu zenyewe alikuwa anakosa tu. Nitaandika humu mpaka tuvune, kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Leo asubuhi Kyule alikuja. Kyule ni mtoto wa ndugu ya marehemu mwenye boma hili, na anajua kufika hapa wakati chai iko tayari. Alikunywa vikombe viwili, akapangusa mdomo, akauliza kwa upole kabisa:

"Kaveke, kwani bwana yako yuko wapi?"

"Hayuko."

"Hayuko ameenda mahali, ama hayuko hayuko?"

"Si unajua."

"Mimi najua. Lakini watu wa kupima mashamba wanakuja Januari, na hao hawajui. Watauliza hii shamba iandikwe nani. Utawaambia nini?"

Nikamwambia chai imeisha.

Basi niandike mambo yalivyo, ili angalau daftari lijue. Mama Kavindu, mama mkwe wangu, hakujaliwa mtoto. Mumewe alikufa mapema, na kwetu Ukambani nyumba ya mtu haifungwi hivihivi kama kibanda cha sokoni. Miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa nakaa na shangazi yangu hapa Nuu, Mama alipeleka mbuzi kwa baba yangu Kilungu, akanioa niwe mke wa kijana wake Ndolo. Ndolo ni jina la baba mkwe wake, ndilo angepewa kifungua mimba wake wa kiume. Hakuna aliyelivaa. Watu wakisikia hivyo husema, pole, alikufa lini? Hakufa. Ili ufe lazima kwanza uzaliwe. Mimi ni iweto, ndivyo tunavyoitwa, na nimeolewa na jina.

Aliyenipa watoto ni fundi mmoja wa visima, alichimba huku miaka kadhaa akaenda zake. Huyo alikuwa na jasho na meno mabovu, nilimwona kwa macho yangu, lakini hapa si baba wa mtu. Baba ni Ndolo. Hata serikali imekubali, imemwandika katika vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili. Mulinge, mwenye miaka kumi na mmoja, ana jina la marehemu babu yake, kwa hiyo Mama humwita 'mume wangu' na kumkemea akikataa kuoga. Mutindi, mwenye saba, ana jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mwaitu, yaani mama. Boma la watu wanne: mama yangu hajang'oa meno yote ya utoto, mume wa mama mkwe wangu yuko darasa la tano, na mume wangu hayuko. Tumeishi hivyo vizuri tu.

8 Oktoba

Jua. Hakuna mvua.

13 Oktoba

Mchungaji alinishika mkono mlangoni baada ya ibada, akaniambia kwa upendo kwamba ndoa yangu si ndoa, mtu hawezi kuolewa na asiyeonekana. Nikamwuliza: na yule tuliyemwimbia tangu saa tatu, wewe umemwona? Akaniachilia mkono. Najua nilikosa adabu. Lakini nilikuwa nauliza kweli.

19 Oktoba

Simu inasema kunanyesha Nuu, imechora na wingu lenye matone. Nikatoka nje na simu mkononi nikasimama uani. Jua likanichoma utosi. Nimeshindwa kujua ni nani kati yetu hayuko Nuu.

26 Oktoba

Tumepanda ndengu kwa kavu, kama kila mwaka, mbegu imngoje mwenye mvua. Mama alichimba mistari minne mwenyewe akakataa kusaidiwa. Nikawa naangusha mbegu nikijiuliza: hii niliyofukia iko au haiko? Mbegu nimeipoteza, ndengu bado sina. Muulize mkulima yeyote wa hapa atakuambia iko, na atalala njaa akiingojea. Watu wetu hawana shida ya kuamini kitu ambacho hakijatokea. Shida yao ni Ndolo peke yake.

3 Novemba

Imenyesha! Tangu alfajiri hadi saa nne. Mama alikuwa anacheka jikoni na mitungi.

8 Novemba

Ndengu zimeota, mistari imenyooka. Nilipita katikati yake mara tatu bila kazi yoyote.

11 Novemba

Miaka yote Mama amekuwa akimtaja Ndolo kwa utani. Ukuta ukibomoka atasema, wacha mwanangu aje ajenge. Mimi hujibu, huyo mwanao mvivu sana, nitamwacha, kisha tunacheka mpaka tunashika mbavu. Ndiyo ndoa yetu hiyo. Maana ukitazama vizuri aliyenioa ni yeye. Ndiye aliyekaa nje ya mlango wa zahanati nikimzaa Mulinge, siku mbili bila kula, na ndiye aliyenifundisha kuchagua mbegu. Nampenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mwenye suruali.

Leo aliniuliza, "Ndolo mbona hapigi simu?"

Nikajibu, "Ana wanawake wengine huko."

Hakucheka. Alinitazama akingoja jibu.

16 Novemba

Anauliza kila siku sasa. Wiki iliyopita alitia chumvi kwenye chai, na jana alipotea akienda kwenye tangi la maji analoliona kutoka mlangoni. Nimejua ni nini. Sijaliandika kwa sababu likishaandikwa litakuwa.

Nimeanza kumjibu. Nikamwambia Ndolo yuko Mombasa, anafanya kazi bandarini, atakuja Krismasi. Akafurahi akala chakula chote. Watoto nao wameuvamia mchezo. Mutindi anauliza kama baba anapenda chapati. Mulinge anasema baba ana pikipiki nyekundu. Nami nikasikika nikisema hapana, anaogopa pikipiki, tangu aanguke. Nilikuwa nimemwona akianguka.

Mungu anisamehe, nilifurahia jioni ile. Miaka kumi na miwili nimekuwa mke wa mtu na sikuwahi kujua anaogopa nini.

19 Novemba

Hakuna mvua tangu tarehe tatu. Majani ya ndengu yanajikunja saa sita.

22 Novemba

Nilikuwa nampa Mama uji. Alishika kikombe, akanitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mtu wa kanisa jingine, akauliza:

"Na wewe ni wa nani?"

Nikafikiri ni mchezo. "Mimi ni wako, Mama. Mimi Kaveke."

"Kaveke wa nani?"

"Bibi ya Ndolo."

Kikombe kikaanguka. Sijawahi kuona uso wake ukivunjika vile. "Ndolo ameoa? Ameoa na hakuniambia? Nani alipeleka mbuzi? Kijana wangu wa pekee anaoa kama mbwa barabarani, mama yake hajui?" Akalia, akajipiga kifua. Nikamwambia wewe ndiye uliyepeleka hao mbuzi, Mama, watatu, mmoja alikuwa mweusi na akakuponyoka njiani. Akasema mimi ni mwongo, nimekuja kumwibia mtoto. Akatoka kwenda kukaa karibu na banda la mbuzi, juani, na hakukubali nimshike.

Mulinge alimrudisha. Alimsikiliza mume wake.

23 Novemba

Hajala. Ameziba mdomo kwa mkono. Maji amekunywa kidogo kutoka kwa Mutindi.

24 Novemba

Siku ya tatu. Midomo yake imepasuka. Saa tisa nikapiga magoti mbele yake na uji, nikamwambia, "Mama, nilikuwa natania. Ndolo hajaoa. Anasema hawezi kuoa mpaka wewe upeleke mbuzi."

Akashusha mkono. "Hajaoa?"

"Hajaoa."

"Nilijua," akasema. "Hawezi kunifanyia hivyo." Akanywa uji wote, akaomba mwingine, akanishukuru akaniita msichana mzuri.

Nimekaa hapa najaribu kujua nimefanya nini. Zamani nilidhani kitu cha kweli ni kile kinachokula. Ndolo hali, basi si wa kweli, na mbuzi ni wa kweli kuliko yeye. Leo mtu ambaye hali amemfanya mtu anayekufa kwa njaa ale. Na mimi ninayekula nimejifuta kwa kinywa changu. Hata hivyo amekula. Ningefanya hivyohivyo kesho.

30 Novemba

Hakuna mvua.

2 Desemba

Hakuna mvua. Ndengu zilizo upande wa barabara zimekuwa za manjano. Ukigusa jani linavunjika.

6 Desemba

Kyule amekuja na habari kwamba wazee wa ukoo watakutana tarehe kumi na nne, shuleni, watu wakiwa wamerudi kutoka Nairobi. Kila boma liseme mwenye shamba ni nani kabla wapimaji hawajafika. Amekataa chai. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

9 Desemba

Nilikwenda kwa Mzee Nzioka, mkubwa wa ukoo. Nilimwambia, "Mzee, wewe ulikula ile mbuzi ya ndoa yangu. Ulipewa figo."

"Nilikula," akasema. "Na ilikuwa tamu."

"Basi sema."

Alikuna ndevu. "Nitasema niliona mbuzi. Lakini, mwanangu, mbuzi inaweza kupelekwa kwa mambo mengi. Kwa iweto, mwenye kusema huyu ni bibi wa nyumba yangu ni yule mama aliyetoa mbuzi. Mdomo ni wake. Mimi nikisema badala yake, kesho kila mtu atakuja na bibi wa mtu. Mlete Kavindu. Akisema neno moja tu, tumemaliza."

Neno moja. Nilirudi nikikimbia kama msichana.

Tangu leo tunafanya mazoezi. Mimi ni nani? Kaveke. Wa nani? Wa Ndolo. Nikisema polepole, asubuhi, kabla hajachoka, anaweza.

12 Desemba

Asubuhi ameweza mara nne. Mchana aliniuliza kama nimekuja kuuza kuku.

14 Desemba

Nitaandika yote.

Nilimwosha Mama miguu, nikampaka mafuta, nikampigia pasi gauni la kanisani. Tukaenda polepole, watoto mbele. Njiani nikamwuliza, mimi ni nani? "Wewe ni Kaveke." Wa nani? "Wa Ndolo wangu." Mara tatu, bila kukosea. Nilikuwa naimba moyoni.

Walikuwa katika darasa la nne. Wazee wanane wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, na ubaoni hesabu za kugawanya hazijafutwa. Kyule alivaa koti. Alizungumza vizuri, hakunitusi hata kidogo. Alisema Mama yake mkubwa amezeeka, shamba linahitaji mtu, na kama kuna kijana aitwaye Ndolo yeye Kyule atamkumbatia, basi aletwe.

Nzioka akamgeukia Mama. "Kavindu, uko na kijana?"

"Niko na yeye. Ndolo."

Wazee wakatazamana. Kyule akakohoa.

"Yuko wapi?"

"Mombasa, bandarini. Anakuja Krismasi. Anaogopa pikipiki, atakuja na basi."

"Kwa hivyo hajafa?"

"Ushindwe! Afe kwa nini?"

Watu wakacheka. Nzioka hakucheka, alikuwa ananisaidia, niliona. Akauliza polepole, neno kwa neno, kama ninavyomwuliza mimi asubuhi: "Na bibi ya Ndolo ni nani?"

Mama akatabasamu. "Ndolo hajaoa."

Nzioka akainama kumkaribia.

"Kavindu, fikiria. Huyu amekaa hapa na wewe ni nani?"

Akanigeukia. Alinitazama kwa wema mwingi. "Huyu msichana ni mzuri, ananipikia uji. Ndiye aliniambia mwenyewe kijana hajaoa. Si umuulize?"

Wazee wanane wakanitazama. Nzioka akasema, "Kaveke, ulimwambia hivyo?"

Ningeweza kusema hapana. Nimekaa na swali hilo tangu saa saba na bado naliona limesimama pale. Neno moja, hapana, na Mama angekuwa mzee aliyechanganyikiwa ambaye maneno yake hayahesabiwi, na labda Nzioka angepata mahali pa kushika. Lakini Mama alikuwa ananitazama. Alikuwa na hakika nitamtetea. Na nilikuwa nimemwona siku tatu akiwa ameziba mdomo.

"Nilimwambia," nikasema.

Nikatoa vyeti vya watoto. Nzioka akavaa miwani, akasoma kwa sauti: baba, Ndolo Mulinge. Akavirudisha. "Hii inaonyesha Ndolo yuko," akasema. "Haionyeshi kama wewe ni bibi yake." Mtu mmoja nyuma akasema mtoto wa msichana ambaye hajaolewa hufuata mama yake. Kyule akamwuliza Mama, na huyu kijana je? Mama akamvuta Mulinge magotini. "Huyu ni mume wangu." Wakacheka tena, wakafuta macho, na mwanangu akainamisha kichwa.

Uamuzi: shamba ni la Ndolo Mulinge, mwana wa Kavindu, kwa ushahidi wa mama yake mzazi. Liandikwe kwa jina lake. Kwa kuwa hayupo, Kyule atalitunza mpaka arudi. Mimi nivune ndengu zangu, kisha nirudi kwetu na watoto wangu. Mke wa Kyule atamwangalia Mama.

Walikubaliana wote. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, huyu mtu hakuzaliwa. Wote wanajua. Walikaa na mimba ambazo Mama hakupata, wakahesabu mwezi baada ya mwezi, ndio hao hao. Nzioka alinifuata mpaka langoni. Aliniambia naweza kwenda kortini Kitui, lakini huko nako watamwita Mama, watamwuliza lile lile, na nitaapishwa.

Tulirudi. Mama alichoka, Mulinge na mimi tulimshika mikono. Akauliza, "Wale wazee walikuwa wanataka nini?"

Nikamwambia walikuwa wanataka kujua habari za Ndolo.

15 Desemba

Hakuna mvua.

16 Desemba

Hakuna mvua.

25 Desemba

Mama alikataa tuanze kula mpaka sahani ya Ndolo iwekwe. Nikaweka, paja la kuku na chapati mbili. Tulikaa tukiitazama. Kisha Mama akasema amechelewa, foleni za Mombasa, akasinzia, na watoto wakaigombania ile nyama mpaka Mutindi akamng'ata kaka yake. Niliwapiga wote wawili. Sijawahi kuwapiga siku ya Krismasi. Kisha nikakaa nyuma ya jikoni nikalia, maana nilikuwa nimemkasirikia mume wangu. Nilimkasirikia kweli, kwa jina lake, kwa kutokuja.

2 Januari

Tumevuna. Mistari yote, pamoja na minne ya Mama, imetoa debe moja na kikombe.

9 Januari

Wapimaji wamekuja na vyuma vyao. Walipanda vigingi, wakaandika. Nilimwuliza kijana mwenye kalamu ameandika nani. Akageuza karatasi nione: Ndolo Mulinge. Na chini yake, mtunzaji, Kyule.

Methali inasema asiyekuwepo na lake halipo. Niliisoma shuleni nikaiandika vizuri nikawekewa alama. Ndolo hayupo, na lake lipo, ekari nane na kisehemu. Mimi nipo, nimesimama juu yake, viatu vyangu vina udongo wake, na sina hata pa kuchimba choo. Nimejaribu kucheka. Zamani ningeweza kuicheka wiki nzima na Mama.

13 Januari

Ndugu yangu wa Kilungu amepiga simu. Anasema nije, lakini nyumba ni ndogo na nisikae sana.

18 Januari, Kilungu

Huku kuna ukungu na parachichi, na watoto wanasikia baridi. Naandika ya juzi, kisha nifunge daftari.

Gari lilikuwa linapita barabarani saa nne. Watoto walitangulia na magunia. Mke wa Kyule alikuwa amefika tangu asubuhi, mwanamke mkimya, hana ubaya, alikuwa tayari anasugua sufuria zangu. Mimi nikaingia kumuaga Mama. Alikuwa amekaa kitandani amevaa sweta kinyume. Nikamvua nikamvalisha vizuri.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kwetu, Mama. Kilungu."

"Mbali." Akafikiri. "Wewe msichana, umeolewa?"

Miaka kumi na miwili nimelijibu swali hilo mbele ya mchungaji, mbele ya Kyule, mbele ya kila mdomo wa Nuu. "Bado, Mama."

"Basi usiende. Niko na kijana. Hanywi pombe, ana kazi. Nimekutazama, uko na mkono mzuri. Akikuja nitamwambia nimempatia bibi, na mbuzi nitapeleka mimi mwenyewe kwa baba yako. Utakubali?"

Nje honi ilikuwa inapigwa. Ile ndoa ya kwanza sikuulizwa. Mbuzi walifika na baba akasema ndiyo. Safari hii niliulizwa.

"Nitakubali," nikamwambia.

Akanishika mikono yote miwili. Alifurahi hata machozi yakamtoka. "Unaitwa nani?"

"Kaveke."

"Kaveke," akasema. "Basi kaa hapo, Kaveke. Tumngoje."

Nikamwambia naenda kuchota maji kidogo. Nikachukua mfuko wangu nikatoka, nikampita mke wa Kyule bila kumtazama, nikakimbia. Dereva alikuwa ananitukana. Watoto walikuwa wameshapanda. Ndipo nikasikia Mama ameshatoka mpaka langoni, anaita kwa nguvu, na hakuwa anamwita Ndolo. Alikuwa ananiita mimi, kwa jina langu, Kaveke, Kaveke, wala hakukosea hata mara moja.

Nikapanda.